Vichwa Kumi na Viwili

Mwalimu alianza kuiharibu likizo yake kabla hajatoka nyumbani, na hilo anakiri mwenyewe bila kushikiwa fimbo. Alichukua karatasi ya manila iliyobaki tangu siku zake za kazi, akachora mistari kwa rula, akaandika juu kwa herufi kubwa: RATIBA YA MAPUMZIKO. Kuamka, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kupumzika, saa nane mchana hadi saa nane na dakika arobaini. Akaitazama, akaridhika. Alikuwa amestaafu miezi mitatu nyuma, lakini mkono wake ulikuwa bado haujapata barua.

Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa safari pale shuleni. Darasa lolote lililotoka nje ya geti, liwe linakwenda kuona mashine za kiwanda cha sabuni au mifupa ya makumbusho, lilitoka naye. Alikuwa na filimbi, alikuwa na sauti, na alikuwa na sifa moja aliyoithamini kuliko cheti chochote: hajawahi kupoteza mtoto. Hata mmoja! Waliwahi kupotea walimu wawili na dereva, lakini hao walikuwa watu wazima, shauri yao.

Safari hii alikuwa anakwenda kisiwani na mtu mmoja tu. Sasa jamani, mtu mmoja utampotezaje?

Mtu mwenyewe alikuwa Fundi, mwanamke mwenzake na rafiki yake tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Fundi ndiye aliyeshona sare za shule ile kwa miaka nenda rudi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu, maana nusu ya maisha yake mdomo wake ulikuwa umebana pini. Sasa jengo lenye duka lake na chumba chake cha nyuma lilikuwa linabomolewa mwisho wa mwezi. Mdogo wake wa kike alishamwita akaishi naye katika mji mwingine. Mwalimu naye alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Mumewe alishafariki, mwanawe wa kiume ameoa na kuhamia mbali, na ikifika jioni sauti pekee iliyosikika mle ndani ilikuwa ya friji.

"Hamia kwangu," Mwalimu alimwambia.

Fundi akatoa pini mdomoni, jambo analolifanya kwa mambo mazito tu. "Kwanza twende mahali siku nne, mimi na wewe," akasema. "Tukirudi nitakupa jibu."

Mwalimu si mjinga. Alijua huo ni mtihani. Maisha yake yote alikuwa akitunga mitihani, na leo hii yeye ndiye amekalishwa kwenye dawati. Na alitaka sana kufaulu. Kwa hiyo akamwahidi Fundi mambo mawili: hatampangia mambo, na filimbi itabaki nyumbani. Halafu akaikunja ratiba akaiweka chini ya nguo kwenye begi. Filimbi aliificha ndani ya soksi.

Bandarini walifika zikiwa zimebaki saa tatu nzima meli iondoke. Abiria walikuwa wamekaa ovyo ovyo, huyu juu ya begi, yule ameegemea ukuta, mwingine amelala na viatu. Mwalimu alivumilia dakika kumi. Ya kumi na moja ilimshinda.

"Ndugu zangu," akasema kwa ile sauti, "hebu tupange mstari."

Nasema ile sauti, na aliyewahi kuisikia anajua. Watu wazima, wengine na ndevu zao, waliinuka wakajipanga, wafupi mbele warefu nyuma, na mmoja akachomekea shati bila kuambiwa. Mstari ulinyooka, ukapendeza. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ulikuwa mbele ya geti la mizigo. Geti la abiria lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na huko meli ilikuwa inajazwa na watu ambao hawakumtii mtu yeyote. Mwalimu aligundua hayo geti lilipofunguliwa, wakatokea mbuzi na mifuko ya saruji, na mpakiaji mmoja akauliza, "Na hawa nao tunawapima kwa kilo au kwa kichwa?"

Walikimbia. Watu arobaini walikimbia kuzunguka ukuta huku wakimlaani mwalimu wasiyemjua jina, na kisigino cha kiatu cha Fundi kikang'oka njiani. Walipofika kwenye ngazi ya meli walikuwa hoi. Karani wa bandari akawasogezea daftari kubwa la abiria. Jina, umri, makazi, anakokwenda.

Mwalimu aliandika mstari wake kwa mwandiko wa ubaoni. Fundi akachukua kalamu. Alipofika penye makazi akasita.

"Hapa niandike wapi? Mwezi ujao hapo sipo."

"Andika unapokaa leo."

Fundi akaandika. Penye anakokwenda, chini ya mstari wa Mwalimu, akatia vile vialama viwili vidogo, vile vya kusema kama hapo juu, akawa anarudisha kalamu.

"Ah-ah!" Mwalimu alishtukia mkono wake umeshaikamata kalamu hewani. "Andika kamili. Vialama hivi ni uvivu, watoto wangapi nimewakata maksi kwa ajili yake!"

Fundi alimtazama. Kisha akaandika jina la kisiwa, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayetoboa vifungo. Hakusema neno tena mpaka nchi kavu ilipopotea machoni. Viti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo walisafiri wamesimama kando ya mlango wa choo. Mwalimu alijipa moyo kwamba mtihani una maswali mengi, na hili moja haliwezi kumwangusha.

Nyumba ya wageni ilikuwa safi, vitanda viwili, dirisha moja, feni iliyozunguka ikijisikia. Asubuhi ya pili Fundi alifumbua macho akakuta ratiba imebandikwa ukutani na Mwalimu amesimama pembeni amevaa viatu.

"Uliahidi," Fundi akasema.

"Hii si amri, ni mwongozo. Amka, tuwahi jua."

Jua lenyewe halikuwa na haraka hata kidogo, lakini Mwalimu alikuwa nayo. Siku hiyo waliona magofu, na Mwalimu akasoma kila kibao kwa sauti, pamoja na kile kilichosema USIKOJOE HAPA. Waliona pango lenye popo, na huko alimsahihisha mwenye kuongoza wageni mara nne, mpaka yule bwana akampa tochi na kumwambia, "Basi tuongoze wewe, Mama." Akawaongoza kweli. Njiani kurudi alijua njia ya mkato. Ile njia ya mkato iliwafikisha kwenye uzio wa bafu la watu, na mwenye bafu alikuwemo, na sabuni yake. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alipoona kicheko hicho akajipa alama nzuri, akajiambia mambo yanakwenda vizuri. Hivi ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na akili zake timamu.

Siku ya tatu Fundi alisema, "Leo nataka kukaa tu."

"Utakaa kwenye boti," Mwalimu akajibu, akamkabidhi kofia.

Boti iliwapeleka kwenye kijisiwa cha mawe, mwendo wa dakika arobaini, kuona mnara wa taa. Walikwenda abiria kumi na wawili. Mwalimu alijua ni kumi na wawili kwa sababu alishawahesabu kabla hata Nahodha hajavuta kamba ya injini, na alishampa kila mtu nafasi yake. Yeye mwenyewe alikaa mbele kabisa akitazama mbele, maana akigeuza kichwa tu, chai ya asubuhi ilianza kutafuta njia ya kurudi. Fundi, amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo, alikaa nyuma yake.

Kijisiwani watu walitawanyika, wakapanda mnara, wakashuka, wakapigana picha. Saa sita Nahodha akaita. Maji yalikuwa yanaanza kutoka, na maji yakitoka boti hukwama kwenye mawe mpaka jioni. Mwalimu akasimama karibu na boti, akaanza kazi yake. Kila aliyepita alimgusa bega. Moja yeye mwenyewe, halafu mbili, tatu. Alikuwa na raha, jamani. Tangu astaafu hakuwahi kuwa na raha namna ile. Tisa, kumi, kumi na moja, na yule wa mwisho aliyejifunga kitambaa kichwani, kumi na mbili.

"Nahodha, tumetimia! Twende."

"Una uhakika, Mama?"

"Miaka thelathini na moja nahesabu vichwa, mwanangu. Washa injini."

Injini ikawashwa, ikaunguruma, na Mwalimu akakaza macho mbele. Bahari ilitulia. Nyuma yake Fundi alikuwa kimya, lakini Fundi ni mkimya siku zote. Na sijui ni ile raha ya kuhesabu, au ni kule kutoonana uso kwa uso, Mwalimu akajikuta anasema yale aliyoyabeba tangu nyumbani.

"Fundi, nisikilize, usinijibu kwanza. Chumba cha mbele nimeshakipaka rangi. Cherehani yako itakaa dirishani, kuna mwanga mzuri."

"Mmh," ikasikika nyuma, katikati ya mngurumo.

Hakukatazwa! Mwalimu akapata nguvu. "Najua mimi ni king'ang'anizi."

"Mmh."

"Hata marehemu alikuwa akiniambia."

"Mmh!" Safari hii kwa mkazo.

"Basi nikwambie ukweli. Nimekuwa nikijifanya nakusaidia mahali pa kukaa. Uongo mtupu. Mimi ndiye mwenye shida. Jioni nikiingia ile nyumba nawasha taa za vyumba vyote, nawasha redio, nawasha televisheni, vyote kwa pamoja, ili nisisikie kwamba niko peke yangu. Naogopa, Fundi. Sikuamrishi. Nakuomba uje tukae wote."

Boti ikapunguza mwendo, ikagusa mchanga. Halafu ikaja ile mmh nyingine, ndefu, yenye huruma, iliyotoka ndani kabisa. Mwalimu machozi yakamlengalenga. Akarudisha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe mkono tushuke, mwenzangu."

Mkono ukaja. Ulikuwa mkubwa, mgumu, na una vinyweleo.

Mwalimu akageuka. Aliyekuwa amekaa pale, kichwa na taya vimefungwa kitenge cha mkewe, shavu limevimba utadhani ameficha chungwa, alikuwa mtunza mnara, anayekwenda mjini kung'olewa jino. Alimtazama Mwalimu kwa adabu zote, akajitahidi kufungua mdomo.

"Mama," akasema kwa taabu, "mimi kwa upande wangu sina neno. Ila mke wangu sijui tutamwambiaje."

Boti nzima ikaangua kicheko. Mwalimu hakusikia. Alikuwa anatazama nyuso, moja moja, kitu ambacho hakukifanya kule kijisiwani, kwa sababu alihesabu vichwa, na vichwa vilikuwa kumi na viwili sawasawa. Fundi hakuwemo.

"Nilikuuliza, Mama," Nahodha akasema.

Mwalimu hakuwa na jibu. Walimu wenzake wangelipa kiingilio kuja kuona.

Nahodha aliwashusha watu haraka haraka, akageuza boti, kwa sababu wakichelewa robo saa zaidi maji yangewakatalia. Dakika arobaini zile Mwalimu alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama kila mahali, na chai yake haikuthubutu kusumbua. Akilini alimwona Fundi amekaa juu ya jiwe analia. Alimwona anatumbukia akijaribu kuifuata boti, na kisigino chake kibovu. Watoto maelfu amewarudisha makwao salama, na mtu pekee anayemhitaji duniani amemwacha baharini kama mwavuli.

Walipofika aliruka kabla boti haijasimama, akalowa mpaka magotini, akaanza kuita. "Fundi! Fundiii!" Mawimbi yakamjibu. Akaita mpaka ile sauti, ile inayojulikana, ikakauka ikawa kama mlango mbovu. Ndipo akatoa soksi kwenye mkoba, akachomoa filimbi, akapuliza kwa pumzi zake zote.

Dirisha la juu la mnara likafunguliwa.

"Uliahidi itabaki nyumbani!" Fundi akasema kutoka juu.

Mwalimu alipanda zile ngazi za kuzunguka kwa mikono na miguu. Juu kulikuwa na chumba kidogo cha duara, jiko la mafuta, kitanda, na mke wa mtunza mnara anamimina chai. Fundi amevua viatu. Amepakata pazia la mwenyeji wake analipiga pindo, uso wake umetulia namna ambayo Mwalimu hakuwa ameuona tangu waondoke nyumbani.

"Ulikuwa wapi tulipoondoka?" Mwalimu akauliza, pumzi hazitoshi.

"Hapa hapa. Dirishani."

"Uliiona boti inaondoka?"

"Niliiona. Nilikuona na wewe unagusa watu mabega kama unapiga muhuri." Fundi akakata uzi kwa meno. "Nikafungua mdomo nikuite. Nikaufunga."

Mwalimu akakaa pale pale kwenye ngazi. Iliuma. Iliuma kuliko mbuzi, kuliko bafu, kuliko boti nzima kumcheka. Rafiki yake wa miaka yote ameona boti inamwacha kwenye mawe, na amechagua mawe.

"Siku tatu, Mwalimu, hujaniuliza hata mara moja nataka nini," Fundi akaendelea, si kwa hasira, na hilo ndilo baya. "Kwa mdogo wangu kuna watoto watano na kelele, lakini wananiuliza. Kwako nitakuwa mwanafunzi wako wa mwisho."

"Nilikuambia kila kitu kwenye boti," Mwalimu akasema kwa sauti iliyokauka.

"Mimi nilikuwa huku."

"Najua. Nilimwambia mtu mwingine."

"Nani?"

Mwalimu akamnyooshea kidole mwenyeji wao. "Mume wake."

Mwanamke akaweka birika chini, mikono kiunoni. "Mume wangu ulimwambia nini?"

Ikabidi aseme. Hakuwa na pa kukimbilia, ngazi zenyewe zilizunguka. Akaelekeza uso ukutani, akasema yote tena, chumba cha mbele, taa, redio, televisheni, na kwamba anaogopa, na kwamba anaomba. Safari hii hakukuwa na injini ya kumfunika, na alisema vibaya, akirudia maneno na kuvuta kamasi.

"Na yeye akakujibuje?" mke wa mtunza mnara akauliza.

"Amesema yeye hana neno. Ila wewe."

Mwanamke yule alicheka mpaka akagonga kikapu cha kushonea, na kibiringo cha uzi kikashuka ngazi zote za mnara, kikizunguka moja moja. Fundi naye alicheka, akajifuta macho kwa pindo la pazia. Lakini jibu hakutoa. Alivaa viatu, akashuka kukusanya uzi.

Botini Nahodha hakujizuia. "Haya, Mama, hesabu tuondoke."

Walikuwa watatu. "Ahesabu Fundi," Mwalimu akasema, akaenda kukaa nyuma.

Siku ya mwisho macho yalimfumbuka saa kumi na moja na nusu, kwa sababu mwili una ratiba yake, na hiyo haibanduliki ukutani. Ya ukutani aliibandua, akaitumia kufungia viatu vibovu vya Fundi. Kisha akarudi kitandani akatazama dari mpaka saa tatu, bila kukohoa. Fundi alipoamka, Mwalimu akamgeukia.

"Unataka kufanya nini leo?"

"Kukaa."

Wakakaa. Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki nyuma ya nyumba ya wageni, wameelekea ukuta, kwa sababu Fundi alipenda kivuli cha pale. Bahari ilikuwa upande wa pili, na Mwalimu hakuitaja. Alihesabu matofali ya ukuta moyoni, kwani hilo hakuna aliyelikataza. Yalikuwa mia mbili na tisa. Saa zikapita, na mahali fulani baada ya tofali la mia na kitu akagundua kwamba hana haraka ya kwenda popote. Hakulisema hilo pia, asije akaonekana anatafuta maksi.

Alasiri wakaenda bandarini, saa moja tu kabla. Mwalimu aliwakuta abiria wamekaa ovyo ovyo. Aliuma mdomo wa chini, akakaza macho kwenye mfuko wa mtu, asije akawapanga mstari.

Kwenye ngazi ya meli kulikuwa na daftari, na karani mwingine, mkali, mwenye miwani ya kamba. Mwalimu akaandika mstari wake. Jina. Umri. Makazi, mtaa na namba ya nyumba yake, nyumba ile yenye friji inayoongea peke yake. Anakokwenda. Akampa Fundi kalamu na kugeukia pembeni, asionekane anachungulia. Akachungulia.

Fundi aliandika jina. Aliandika umri. Alipofika penye makazi hakusita. Akatia vialama viwili vidogo, chini ya anwani ya Mwalimu, akainua macho akamtazama, akangoja.

Mwalimu alifumbua mdomo. Akaufumba.

"Chumba changu kitakuwa na ufunguo," Fundi akasema. "Na ufunguo utakaa kwangu."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Sauti haikutoka.

Karani alikuwa ameshavuta daftari, amekunja uso, anagonga kalamu juu ya vile vialama. "Mama, hapa andika kamili. Hatutaki uvivu."

"Wewe!" Mwalimu akasema, na ile sauti ikarudi yote kwa mkupuo, meli nzima ikageuka. "Mwache. Inasomeka."